Iliwaka Siku Niliyoiweka

Nilifungua kifuniko cha tangi, nikainama kunusa, nikarudi nyuma hatua nzima.

Haikuwa harufu ya petroli. Ilikuwa harufu nzito yenye uchachu, kama ya kopo la vanishi lililoachwa wazi stoo. Nikachovya kijiti. Kikatoka na kimiminika cha rangi ya chai iliyokolea, kikinatanata. Nilipomulika tochi ndani, nusu ya juu ya tangi, pale petroli ilipokuwa haifiki, ilikuwa imefunikwa na kutu nyekundu pande zote.

Na mguu wangu wa kulia ulikuwa tayari juu ya kiki.

Pikipiki hii ilikuwa ya mjomba, sasa ni yangu. Aliponikabidhi ufunguo alisema sentensi moja tu: "Iliwaka siku niliyoiweka." Aliiweka mwaka 2018, nyonga ilipomzidi, akaifunika turubai na hakuipanda tena. Miaka 7. Mjomba si mtu wa kutia chumvi, na sikuwa na sababu ya kulitilia shaka neno lake. Iliwaka. Ila pale niliposimama na harufu ile puani, nikaanza kujiuliza sentensi hiyo inanieleza nini kuhusu chombo kilicho mbele yangu leo.

Nikashusha mguu.

Ni wiki nyingi sasa, na sentensi ile haijaniacha.

## Miaka 7 ya kazi

Chombo kikiwekwa, tunasema kimepumzika. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kufungua bolti moja baada ya nyingine na kukuta kwamba chini ya turubai lile kazi haikusimama hata siku moja.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi, vinavyoshika moto upesi, ndivyo vinavyotangulia kupotea hewani. Vinavyobaki hukutana na oksijeni na polepole hugeuka gundi. Petroli yenye ethanoli ina lake la ziada: hunyonya unyevu, na maji yakizidi hujitenga na kushuka chini ya tangi, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Chini ya tangi ndiko koki, bomba la kutolea petroli, inakochotea. Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho kabureta, inayochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ingekunywa siku ile ni maji na kutu.

Betri nayo ilikuwa ikijimaliza yenyewe kidogo kidogo. Betri nzima ya asidi, ikiwa imejaa na imetulia, husoma volti 12.6 au zaidi. Hii ilisoma 3.1. Ikikaa hivyo muda mrefu, fuwele za salfeti huganda kwenye sahani zake za risasi na hazikubali tena chaji. Sikuhangaika nayo. Hiyo ni kununua nyingine tu.

Kilichonitetemesha ni boksi la chujio la hewa.

Nilifungua skrubu tatu nikavuta kifuniko, na ndani nikakuta kiota cha panya. Sponji ya kiti, nyuzi, makapi ya mbegu, vyote vimepangwa vizuri kama tandiko, na chujio lenyewe limetobolewa upande mmoja. Nilikaa chini. Injini ikiwaka huvuta hewa kwa nguvu kupitia pale pale. Kiki moja tu, kwa furaha ya kusikia mlio, na uchafu ule ungeingia kwenye kabureta, na mwingine ungefika mpaka kwenye valvu.

## Swali la kila Jumapili

Mjomba hupiga simu Jumapili jioni.

"Imewaka?"

"Bado, mjomba."

Wiki ya pili, swali lile lile. Wiki ya tatu akaongeza: "Sasa huko unafanya nini?" Nikamweleza kuhusu kiota, kuhusu kutu. Akasikiliza, akasema, "Lakini iliwaka, mwanangu." Si kwa ukali. Kwa sauti ya mtu anayekumbuka vizuri.

Hakuwa peke yake. Kila aliyepita akaniona nimechuchumaa kando ya pikipiki aliuliza neno lilelile. Imewaka? Watoto waliuliza. Rafiki aliyenikopesha spana aliuliza kabla hajasalimia. Nikagundua kwamba hata mimi, usiku nikilala, nilikuwa nasikiliza kichwani mlio wa injini ambayo sijaigusa.

Nadhani ni kwa sababu injini ina sauti. Ikiwa nzima inasema, ikiwa mbovu inasema. Breki haisemi. Tairi haisemi. Waya wa mafuta unaokwama nusu njia hausemi chochote mpaka siku utakapokataa kurudi.

Katika wiki zote hizo hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Inasimama?"

## Kijiko cha oili

Hata hivyo injini haina budi kuamshwa, na hapa sikutaka haraka kabisa.

Pistoni iliyokaa sehemu moja kwa miaka inaweza kushikana na silinda. Ringi zake ni chuma, ukuta wa silinda ni chuma, na oili iliyokuwa katikati ilishachuruzika zamani. Ukipiga kiki kwa nguvu, unaburuza chuma kikavu juu ya kutu. Au valvu imeganda kwenye njia yake, nawe unailazimisha.

Nikafungua plagi. Nikamimina kijiko kimoja cha oili safi katika tundu lake, nikaziba kwa kitambaa, nikaondoka. Usiku wa kwanza. Usiku wa pili. Siku ya tatu nikaiweka juu ya stendi kubwa, swichi imezimwa, nikaingiza gia ya juu kabisa, nikashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili. Ukiwa kwenye gia ya juu, gurudumu huizungusha injini kwa upole kuliko kiki, na mikono huhisi kila kitu.

Mwanzoni halikutaka.

Nikasukuma mbele kidogo, nikarudisha, nikasukuma tena. Siwezi kueleza vizuri wakati lilipokubali. Hapakuwa na mlio. Ni kama mtu aliyekushika mkono akiwa usingizini anapoanza kulegeza vidole. Gurudumu likasogea upana wa kiganja, kisha viganja viwili, halafu nikasikia pumzi ikitoka kwenye tundu la plagi na tone la oili likanirukia shavuni.

Niliizungusha hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Oili ya zamani niliimwaga kabla ya kuwasha. Ilikuwa nyeusi, na kifuniko cha kujazia kilikuwa na utando wa rangi ya maziwa kwa ndani, alama ya unyevu. Nikaweka mpya, nikijua kwamba hiyo nayo nitaibadilisha mapema baada ya kutembea kidogo, kwa kuwa itasomba uchafu wote ulioachwa.

## Tangi, na asubuhi moja mbaya

Tangi nililisafisha kwa siki. Siki ni asidi dhaifu, inakula kutu taratibu. Nililijaza, nikaliacha siku mbili, nikatia kipande cha mnyororo na kutikisa mpaka mabega yakauma, nikamwaga, nikasuuza kwa maji yenye bikaboneti ili kuua asidi iliyobaki. Nilipomulika ndani niliona chuma cheupe. Nilifurahi sana. Giza lilikuwa limeingia, nikaliacha lijikaushe lenyewe.

Asubuhi lilikuwa jekundu tena.

Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi. Kikibaki na maji, saa chache zinatosha. Ilibidi nirudie kazi yote, na mara ya pili nililikausha palepale kwa hewa ya moto na kulipaka oili nyepesi ndani kabla sijanawa mikono. Ukitaka kufanya kazi hii, panga uianze asubuhi.

## Kitundu cha kwanza

Kabureta ina vitundu vya shaba ambavyo petroli hupimwa navyo. Kile cha silensi, kinacholisha injini usipovuta mafuta, kipenyo chake hakifiki nusu milimita. Petroli ikikauka ndani yake, gundi inakiziba moja kwa moja.

Niliisafisha kabureta, nikaifunga, nikatia petroli mpya, nikavuta choki, nikapiga kiki. Ya saba ikashika.

Iliwaka! Moshi mweupe wa ile oili ya silinda ukatanda, nami nilisimama katikati yake nikicheka peke yangu. Nikairekodi. Nikarudisha choki.

Ikazima.

Nikavuta choki, ikawaka. Nikarudisha, ikazima. Kwa yeyote aliyewahi kuishi na kabureta, hiyo ni lugha ya wazi: choki inaongeza petroli kuficha upungufu wa kile kitundu. Wapo wanaoendesha hivyo hivyo, choki nusu, miezi mizima. Injini inakosa petroli ya kutosha kila wakati unaporudisha mkono, na mwenyewe anasema inawaka.

Nikaifungua tena. Nilikuwa nimekipuliza kitundu, nikaona mwanga, nikaridhika. Lakini mwanga unapita hata kwenye tundu lililobanwa nusu. Safari hii nilichomoa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, nikaupitisha taratibu. Sindano ya chuma ingekipanua, kwa kuwa kitundu chenyewe ni laini. Ukatoka na mabaki ya kahawia. Nikaloweka, nikapuliza, nikapitisha tena.

Jioni hiyo ilisimama kwenye silensi bila choki, ikidunda sawasawa. Nikamtumia mjomba sauti yake. Jibu lilikuja haraka: "Ndiyo yenyewe! Sasa panda."

Na nilitaka kupanda. Niseme ukweli kama ulivyokuwa: nilivaa kofia ngumu. Niliishusha kwenye stendi. Nikaisukuma mbele, nikabana breki ya mbele, tu kwa mazoea.

Mkono wa breki ukaja mpaka kwenye mshikio, mlaini, haukushika kitu. Nikabana tena, ukawa mgumu. Nikaachia. Pikipiki haikusogea tena.

Nilivua kofia. Injini ilikuwa bado inaunguruma, tamu kabisa, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake nikiwaza kwamba kama mkono ule ungekubali mara mbili za kwanza, ningekuwa barabarani.

## Tairi mpya za mjomba

Mafuta ya breki ya kawaida, ya DOT 3 au DOT 4, hunyonya maji hata yakiwa ndani ya mfumo uliofungwa. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango kinachotumika kwenye kipimo, inaruhusiwa kushuka hadi 155. Na yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika, mkono unashuka bure. Haya yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kahawa. Pistoni za kalipa, kile kinachobana diski ya gurudumu, zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu, nikazitoa moja moja, nikabadilisha sili zake, nikatoa hewa kwenye mfumo mpaka mafuta yakaja meupe.

Ili nifike huko ilibidi nitoe gurudumu la mbele. Ndipo nikaiona tairi kwa karibu.

Mjomba alikuwa ameniambia mapema kwenye simu, kwa fahari, kwamba tairi ni mpya. Alizifunga muda mfupi kabla ya kuiweka. Na kwa macho alikuwa sahihi: kashata zote ziko, hata vile vinyweleo vya mpira bado vipo ubavuni. Nilishaziweka kwenye orodha ya vitu visivyohitaji kuguswa. Lakini nilipobonyeza ubavu kwa kidole gumba, nyufa ndogo zikafunguka, nyembamba kama mistari ya mkononi. Nikageuza tairi nikatafuta maandishi.

Kila tairi iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 ina tarakimu nne mwishoni mwa namba yake ya DOT, ile ya utambulisho iliyo ubavuni, si ya mafuta ya breki. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu iliandikwa 3311.

Wiki ya 33 ya mwaka 2011.

Hapo nilikwama kwa siku kadhaa, na si kwa sababu ya ufundi. Watengenezaji kadhaa wa tairi huhesabu miaka 10 tangu kutengenezwa kuwa mwisho, hata kashata ziwe nzuri kiasi gani, kwa kuwa mpira hukakamaa na kupoteza mshiko. Hilo nililijua. Nililojiuliza ni namna ya kumvulia mjomba tairi zake mpya. Neno la mkubwa ni zito. Kuzitoa ilikuwa kama kumwambia kwamba pikipiki aliyonipa kwa moyo mmoja ilikuwa na kasoro naye hakuijua, au mbaya zaidi, aliijua.

Nikajaribu kujishawishi. Zilikaa kivulini, jua halikuzipiga. Nitaenda polepole. Nitazibadilisha baadaye. Kila hoja ilikuwa na nusu ya ukweli ndani yake, na hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Kisha nikakumbuka kwamba kila tairi ya pikipiki inagusa barabara kwa eneo la kiganja kimoja tu cha mkono, na ya mbele ikiteleza hakuna ya pembeni yake ya kusaidia.

Jumapili nikapiga mimi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapanda?"

"Bado. Nataka nikuulize kuhusu tairi."

"Zile ni mpya."

"Najua, mjomba. Hukutembea nazo."

"Hata kilomita mia hazikufika."

"Zimeandikwa zilitengenezwa 2011."

Alinyamaza. Nilisikia redio yake nyuma, kisha akaizima.

"Zimeandikwa wapi?"

"Ubavuni. Kuna kiduara kirefu, tarakimu nne."

"Sikuwahi kuangalia hapo." Akanyamaza tena. "Nilinunua 2018. Basi zilikuwa zimekaa dukani miaka 7, ndipo zikakaa kwangu miaka 7 mingine."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anapiga hesabu. Kwake zilikuwa mpya, alizitoa kwenye karatasi yake kwa mkono wake, na kila alichoniambia kilikuwa kweli.

"Zitoe," akasema. "Zote mbili. Na tyubu."

Kuanzia siku hiyo maswali yake yalibadilika. Aliniuliza kuhusu breki shuu za nyuma, kama zimeng'oka gundi. Akaniuliza kama mshikio wa mafuta unarudi wenyewe ukiuachia, usukani ukiwa umekatwa kushoto na ukiwa umekatwa kulia. Sikuwa nimejaribu na usukani umekatwa. Nilijaribu, ukakwama upande wa kulia. Waya ulikuwa umepitishwa vibaya nilipofunga tangi.

## Dakika kumi

Wiki iliyopita nilipanda.

Cheni mpya, sproketi mpya, betri, tairi, taa zote zinawaka. Njia tulivu, asubuhi, dakika kumi tu, gia ya tatu basi. Sitaandika nilivyojisikia kwa kuwa nilikuwa nasikiliza mno kuweza kujisikia. Klachi ilinata mwanzoni kisha ikaachia. Shokapu za mbele zililia mara moja kwenye tuta. Breki ilishika vizuri, mara zote.

Niliporudi nilifanya kitu ambacho mjomba alinisisitizia: niliweka kiganja karibu na kila gurudumu. La nyuma lilikuwa na joto la kawaida. La mbele, nilirudisha mkono kabla haujafika kwenye diski.

Nikainua gurudumu la mbele, nikalizungusha. Halikufika hata nusu mzunguko. Nikakaa nusu saa, likapoa, nikalizungusha tena. Likazunguka bure, kama halijawahi kubanwa.

Linabana likipata moto, linaachia likipoa. Kwenye silinda ya juu, ile iliyo kwenye usukani, kuna kitundu kidogo sana ambacho mafuta ya breki yakitanuka kwa joto hurudia kwenye kikopo chake. Kikiziba, mafuta hayana pa kwenda na yanaendelea kusukuma pedi yenyewe. Kalipa niliifungua yote. Silinda ya juu niliifuta tu kwa kitambaa, kwa sababu ilionekana safi.

Jumapili simu ikalia.

"Inasimama?" mjomba akauliza.

"Inasimama, mjomba. Ila ikipata moto haiachii."

Akatafakari. "Basi bado."

"Bado."

Silinda iko mezani sasa, imefunguliwa, na chini ya kikopo kuna utando wa kahawia kama jeli. Kitundu hakionekani kabisa. Ule uzi wa shaba nilikuwa nimeuhifadhi.